Ligi ya Sukari

9 Januari

Mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama,

Salamu kutoka chumba cha dobi. Sijambo, pasi haijambo, na mgongo wangu unaendelea na visa vyake kama kawaida. Mpangaji mwenzangu anakusalimu, yule uliyembandika jina la Redio. Amekaa hapa pembeni anapepea makaa ya pasi na kunichungulia nikiandika. Macho yangu, wajua mwenyewe, kuandika bado yanaandika kwa sababu mkono umeshaizoea njia, lakini kuusoma mwandiko wako mdogo kama mchwa yamekataa kabisa. Ananisomea yeye. Akimaliza kunisomea mimi, anatoka nje kuwasomea wengine uani. Ndivyo alivyo, hana mfuniko. Lakini anasoma vizuri, hata sauti yako anaiga.

Simu usinipigie, nilishakwambia. Sikio moja limeziba na la pili linasikia linachotaka. Mara ya mwisho tulipiga kelele mpaka mteja akadhani tunagombania urithi. Barua inanitosha, maana barua naweza kuomba isomwe tena.

Sasa tuje kwenye ligi. Nilipima wiki iliyopita kliniki, kabla ya kula: tisa nukta moja. Haya, cheka. Najua mwezi wa kumi ulikuwa saba na ukajitangaza bingwa wa ukoo. Lakini tangu hapo hukuniletea namba, si ya mwezi wa kumi na moja wala ya kumi na mbili. Una nini? Tulipatana mwaka ule tulipomzika Mama, sukari ilipommaliza kwa kuanzia miguuni, sisi wawili tukaenda kupimwa tukakutwa nayo wote. Tulisema hatutaki kuogopa kila mtu kivyake. Kila mwezi kila mtu ataje namba yake, iwe ya kuringia au ya aibu, na mwenye namba ya chini ana haki ya kumcheka mwenzake mwezi mzima. Dawa ni moja, kile kidonge kidogo cheupe, kimoja asubuhi na chai. Anayeficha namba kafungwa.

Jambo lingine. Yule fundi bomba ninayemfulia nguo alikuja huko kwenu kikazi, akanyolewa kwako. Anasema umekonda, suruali umeifunga kwa kamba. Anasema katikati ya kumnyoa uligeukia ukuta ukakohoa mpaka akajishika shingo kwa kuuogopa wembe. Ni nini hicho? Sema usinizungushe.

Mimi dada yako.


2 Februari

Dada yangu, mkuu wa pasi zote,

Shikamoo. Na wewe Redio salamu zako hizo, kwa kuwa najua ndiwe unayeishika karatasi hii. Nisomee polepole, na nikikohoa humu usiige.

Mimi ni mzima. Yule fundi bomba ana kichwa kibaya cha kunyoa, kina mabonde, ndiyo maana aliogopa. Hiki kikohozi ni cha nywele, dada. Dobi anavuta mvuke, kinyozi anavuta nywele, kila kazi na vumbi lake. Nimeshapewa dawa. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda napita kituo cha afya, nameza mbele ya nesi, ananiangalia mpaka nifungue mdomo aone nimemeza, halafu nakwenda zangu kazini. Ni utaratibu wao tu. Siku hizi nanyoa nimevaa barakoa. Wateja wananiita daktari wa vichwa.

Namba. Mwezi wa kumi na mbili nilipata kumi na tano nukta sita. Sasa umeelewa kwa nini nilinyamaza? Niliona haya. Daktari wa sukari alitikisa kichwa, akaniongezea dozi, akaona bado, akaongeza tena. Kidonge kimoja kimekuwa viwili asubuhi na viwili jioni. Na mwezi huu je? Saba nukta tisa! Bingwa karudi, dada. Tandika mkeka nipite.

Huku hakuna mapya. Kiti changu cha kunyolea kimepasuka ngozi nimekishona kwa uzi wa viatu. Kinyozi wa upande wa pili wa barabara alifunga mwaka jana, wateja walimkimbia. Watu walisema ana maradhi. Hata hawakusema maradhi gani, na kiti chake kikakaa kitupu mpaka akahama. Sijui kwa nini nakwambia hayo.

Kuna jambo nilitaka kukwambia, lakini si la kwenye karatasi. Tutaongea tukionana.

Ni mimi, mdogo wako.


21 Februari

Mdogo wangu mwenye maringo,

Nimeipata barua yako na nimesomewa mara mbili. Ajabu, Redio safari hii hakutoka kwenda kuitangaza. Alipomaliza aliikunja akanirudishia, akaenda kuanua nguo. Nikamuuliza, umeishiwa betri? Akasema kichwa kinamuuma.

Hilo jambo lisilo la kwenye karatasi nimeshalijua. Umepata mchumba. Kukonda huko, kutazama ukuta, kuona haya, mimi nimeyaona hayo kwa watu wengi. Ni nani? Anajua kupika? Mwambie kabisa kwamba mume hali sukari asije akakuua kwa mapenzi.

Wangu hajambo, yule binti yangu aliyeolewa mbali, ananisalimia kwa mwaka mara moja kama watu wa kukagua mita. Mashuka ya nyumba ya wageni yameongezeka, siku hizi napiga pasi mpaka kiganja kinanuka makaa.

Sasa sikiliza. Saba nukta tisa! Roho iliniuma, sikufichi. Nikakaa nikafikiri: tumetoka tumbo moja, ugonjwa ni mmoja, kidonge ni kilekile, daktari wake keshasoma keshaona. Mimi nikapange foleni kliniki kutwa nzima ili niambiwe yaleyale? Nikaongeza. Viwili asubuhi, viwili jioni, kama wewe. Muuza duka la dawa hapa kona kanipa bila kuuliza, nilimwambia ni agizo la daktari. Na kweli ni agizo la daktari, ila ni wako.

Dawa inafanya kazi, naisikia. Saa ya pasi ya asubuhi natoka jasho wakati mkaa wenyewe haujashika moto. Mikono inatetemeka, moyo unakimbia, na njaa, we! Njaa ya kula hata sabuni. Redio ananiambia nile, ninywe chai yenye sukari. Nimekataa. Huo ni udanganyifu wa ligi, nitaongezaje namba kwa makusudi? Juzi nilipiga pasi shati la mwalimu mkuu, nikalikunja, nikalikunjua, nikalipiga tena, nikalikunja, mpaka Redio akaninyang'anya. Tulicheka sana.

Jitayarishe kushindwa.

Dada yako.


6 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilikaa njiani, nimeipata jana.

Rudi kwenye kidonge kimoja. Leo hii, usingoje kliniki. Kisha kliniki uende vilevile, uwaambie umekuwa ukimeza vingapi, wakupime. Ukitetemeka au ukitoka jasho kunywa sukari palepale, chai, soda, hata uilambe kavu. Hilo jasho si dawa kufanya kazi, hiyo ni sukari kuanguka. Ligi isimame.

Dozi yangu si yako. Usiniulize kwa nini.

Jana hiyohiyo nilimpigia Redio, nikamwambia akwambie. Akaniuliza sababu, nikamjibu basi tu, daktari kasema. Akasema sawa kaka, akakata mwenyewe kabla sijaaga.

Sina mchumba. Tafadhali, dada yangu, nisikilize hii mara moja tu.

Mdogo wako.


15 Machi

Mdogo wangu, mwana wa hila,

Salamu, na pole kwa kushindwa.

Redio alikuja mbio, kashika simu kama kashika kaa la moto. Kaka yako anasema upunguze. Nikamuuliza kwa sababu gani? Akasema basi tu. Basi tu! Tangu lini mimi nikaacha kitu kwa basi tu? Halafu ikaja barua yako nayo ni hivyohivyo, usiniulize kwa nini. Ngoja nikukumbushe kitu, mdogo wangu. Tulipokuwa tukikimbizana kutoka bombani mpaka mlangoni kwetu, ukiona nimekupita ulikuwa unafanyaje? Ulikuwa unakaa chini unalia mguu, mguu unauma. Mimi narudi, nakuinua, nakufuta, wewe unachoropoka unakimbia unakuwa wa kwanza kugusa mlango. Ulinifanyia hivyo utoto mzima na kila mara nilirudi. Safari hii sirudi. Lia mguu mpaka basi.

Nne nukta mbili. Umesikia? Nimepima hapa kona, mwenye duka mwenyewe kashangaa. Tangu niingie kwenye sukari sijawahi kuiona namba kama hiyo, na Mama hakuwahi, maskini, angeipata labda angekuwa na miguu yake. Nilikaa pale kwenye benchi ya duka nikalia kidogo, sikufichi. Nikasema mimi sitakwenda kama yeye.

Kutetemeka kupo, lakini nimezoea. Midomo inakufa ganzi. Jana nilitoka dukani nikasimama njiani sikumbuki kwetu ni upande gani, mpaka muuza maji akanishika mkono. Uzee huo. Na asubuhi nilimwita Redio Mama. Akaitika! Anajifanya mkubwa. Mkono umeteleza hapa kwenye mstari, nisamehe.

Kama kuna sababu, iandike. Mimi si mtoto, na wewe si daktari. Bila sababu nitaamini kwamba unaogopa kufungwa na mwanamke mzee mwenye pasi.

Bingwa.


27 Machi

DADA, HII ISOME MWENYEWE. USIMPE REDIO.

Unaona, unaweza. Nimeandika kwa brashi ya kupaka rangi nywele na rangi yenyewe nyeusi, nyuma ya yale mabango ya mitindo ya nywele niliyokuwa nimeyabandika kibandani. Nimetumia mabango yote. Yapange sakafuni kwa kufuata namba niliyoweka pembeni, usogeze taa, usome polepole. Naituma kwa njia ya haraka, posta wamesema haitachelewa.

Nina kifua kikuu. Si nywele. Nilipimwa mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Zile dawa ninazomeza kila asubuhi mbele ya nesi ni za kifua kikuu, na nitazimeza mpaka mwezi wa sita.

Sasa shika hili hata kama mengine hutayashika. Zile dawa za kifua zina tabia moja. Zinaufanya mwili uitupe nje dawa ya sukari kabla haijafanya kazi. Namba yangu ilipanda kwa ajili hiyo, na kwa ugonjwa wenyewe. Daktari aliniongezea vidonge kwa sababu vingi vilikuwa vinapotea bure. Kwangu mimi, vinne vinafanya kazi ya kimoja. Kwako wewe vinne ni vinne. Mwili wako hauna cha kuvitupa, vinakaa vyote, vinakula sukari yote mpaka ile ya kichwani. Namba ya nne na jasho lile, dada, hiyo si kushinda. Hiyo ni ukingo.

Daktari aliniambia haya yote siku ile ile aliyoniongezea. Nilikuwa nayajua nilipokuandikia tandika mkeka nipite. Nilikuandikia ushindi, nikaiacha sababu.

Unataka kujua kwa nini sikusema. Mimi nafanya kazi nimeinamia masikio ya watu. Nikipumua mtu anasikia pumzi yangu shingoni. Nesi alinieleza kwamba nikishameza dawa wiki chache siambukizi tena, na zile wiki za mwanzo nilifunga kibanda nikasema nimesafiri. Lakini nani atakaa kitini kwangu nimweleze hayo? Na kila nilichokuandikia wewe nilijua Redio atakisoma kwanza, na Redio akijua ua mzima umejua, yule fundi bomba amejua, na fundi bomba anakuja huku. Nilikuwa naogopa redio. Hiyo ndiyo sababu, ukiitazama imeandikwa hivi kubwa inatia aibu.

Ningekuja mwenyewe. Lakini nikikosa siku za dawa ugonjwa unajifunza kuzishinda, nesi kaniapisha. Nimempigia Redio tena jana, simu haikupokelewa.

Safari hii silii mguu, dada. Rudi uniinue.

Mdogo wako.


30 Aprili

Mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama,

Salamu. Maneno ni yangu, mwandiko ni wa Redio, kwa sababu mkono wangu wa kulia umefungwa na vidole viwili vya mwisho havimo tena. Usistuke. Vingine vipo.

Nilikuwa napiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Nalikumbuka shuka lenyewe, la mistari. Kuanguka sikukumbuki. Redio anasema ilikuwa siku moja kabla ya ile tarehe uliyoandika kwenye barua yako, asubuhi. Alisikia harufu akadhani nimeunguza nguo, akaja kunicheka. Akanikuta nimelala na mkono uko chini ya pasi. Nilikuwa siusikii. Hospitali walinipima wakakuta moja na kitu, nesi akadhani mashine imeharibika akapima tena. Nimelala huko sijui siku ngapi. Wanasema kichwa changu kilikaa na njaa muda mrefu mno.

Barua yako ilifika nikiwa hospitali. Niliporudi Redio akanipa bahasha nono, akasema hii imeandikwa juu yake ni ya mkono wako, sikuifungua. Nikazipanga zile karatasi sakafuni, nyuma zina vichwa vya vijana wenye panki, mbele kuna maneno yako makubwa. Nikasoma mwenyewe. Tangu macho yaharibike sijasoma kitu peke yangu. Nilifurahi, mdogo wangu. Nilifurahi kabla sijaelewa.

Kisha nikampa Redio, maana nikifika karatasi ya mwisho ya kwanza inakuwa imeshanitoka kichwani. Akasoma mpaka chini, akakaa sakafuni akalia sana. Akasema marehemu mumewe alizimeza dawa hizohizo, akitoka kila asubuhi katika chumba hichohicho cha jirani yangu kwenda kituo cha afya, mbele ya nesi akifungua mdomo. Alipona, alikuja kufa kwa mambo mengine kabisa. Na ua mzima mpaka leo haujui. Wewe ulikuwa unalijua hilo? Mimi naishi naye ukuta kwa ukuta na sikulijua.

(Kaka, ni mimi mwenyewe naandika hapa. Barua yako ya mwezi wa pili niliposoma habari ya kufungua mdomo, nilijua palepale. Nikasema hii ni siri ya mtu, na mimi safari hii nitanyamaza, nisimvunjie heshima. Mimi ninayesema kila kitu. Ya dawa ya sukari sikuyajua, mume wangu hakuwa nayo. Uliponipigia ukasema basi tu, nilitaka kukwambia najua. Nikaona haya. Ningesema neno moja, angekwenda kliniki. Silali vizuri.)

Anaandika nini marefu hivyo? Redio, andika ninayosema mimi.

Nimekasirika, mdogo wangu. Nataka ulijue hilo. Uliuogopa mdomo wa Redio kuliko ulivyoniogopea mimi. Nilikuomba sababu. Ningekuonea huruma, ningekupikia uji nikuletee kwa miguu yangu. Pasi sasa naisikia tu ikitajwa. Mashuka ya nyumba ya wageni yamekwenda kwa dobi mwingine.

Sasa tuje kwenye ligi. Mwezi huu umepata ngapi? Hukuniletea namba.

Daktari wa hapa nilimpelekea karatasi zako. Alisoma zote amesimama. Amesema nikwambie hivi, na Redio aandike vizuri: siku utakayomaliza dawa za kifua, hazitakaa muda mwilini, na ile tabia ya kutupa itakwisha nayo. Vinne vitakuwa vinne na kwako pia. Nenda wakupunguzie, usingoje wakuite, kliniki ya kifua na kliniki ya sukari hazisemezani. Umesikia? Sitaki ukutwe umelala na wembe mkononi.

Mwandikie na Mama, anauliza habari zako. Muulize miguu inaendeleaje.

(Ananiambia niandike, nimeandika. Siku nyingine anakumbuka kwamba amekufa, anamlia upya. Siku nyingine hivi.)

Sasa tuje kwenye ligi. Mwezi huu umepata ngapi, mdogo wangu? Hukuniletea namba.

Dada yako.


12 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Redio, salamu, na asante. Soma hii kwa sauti, ua mzima usikie, sina tena cha kuficha.

Nimemaliza. Juzi nimemeza za mwisho, nesi akanifungua mdomo kwa mara ya mwisho, akanipigia makofi. Wakanipa mkono, wakaniambia umepona, nenda ukajenge taifa. Kuhusu sukari hakuna aliyesema neno. Nimetoka pale na vidonge vyangu vinne vya siku mfukoni, na kama si lile neno lako ningeendelea kuvimeza mpaka nianguke. Nimekwenda moja kwa moja kliniki ya sukari, sikupangiwa, nimekaa mpaka wakachoka kuniona. Nimemsomea daktari barua yako. Amepunguza mara moja, na kila wiki nirudi apunguze tena mpaka nitulie. Akaniuliza, nani alikwambia uje? Nikamwambia dada yangu. Akasema umshukuru. Nikatoka nje nikasimama karibu na bomba la maji nikalia kama mtoto, watu wananipita.

Kibandani niliwaambia wateja. Nilibandika tangazo mlangoni, mabango yameisha nikatumia boksi: nilikuwa na kifua kikuu, nimetibiwa, nimepona. Wengine hawajarudi. Yule fundi bomba alikuja, akasoma, akakaa kitini, akasema ninyoe basi unangoja nini. Miezi yote ile nilimwogopa huyo.

Nimeuza vioo na meza. Kiti sikuuza, nakuja nacho. Wakati Redio anasoma hii mimi nafungasha. Hicho chumba cha dobi kina mlango mpana, nitanyoa pale mlangoni na wewe utakaa ndani unasema nao, maana wateja wako nao wanapenda maneno yako kuliko pasi. Mkono wako nitauosha mimi, na dawa zako nitakuwa nakupa mimi, kimoja, asubuhi, na chai. Usiponisamehe nitakuwa hapo vilevile.

Najua siku nikifika utanipokea vizuri, na kesho yake utaniuliza kwa nini sikuleta namba. Nitakutajia. Na keshokutwa utauliza tena, nami nitakutajia kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Lakini mpaka nifike, Redio, hiki kipande cha mwisho kimekunjwa peke yake, nimekiandika kwa brashi. Kibandike ukutani mbele ya kitanda chake, pale taa inapofika. Kila akiuliza, mgeuze tu kichwa akakisome mwenyewe.

NIMEPATA TISA NUKTA TATU.

WEWE ULIPATA NNE. ULINIPITA.

LIGI IMEKWISHA, DADA. UMEKUWA WA KWANZA KUGUSA MLANGO.

KUNYWA CHAI YAKO, TIA SUKARI.